Kinu cha Mzee Saleh na neno letu la Kiswidi

Ijumaa, Jeddah. Joto la unyevunyevu. Vioo vya jikoni vinatoka jasho tangu asubuhi, nami nimelia nikasingizia vitunguu.

Shajara yangu, mimi bado ni bibi harusi. Nikimtaja Musyoka, mdomo unatabasamu wenyewe. Tulioana likizoni Machakos, tukarudi huku kila mtu kwa kafili wake, mwajiri mwenye ruhusa ya safari zetu: yeye udereva Riyadh, mtaa wa Olaya, mimi kazi za nyumba hapa Aziziya. Sasa Mswidi ambaye Musyoka humwendesha amempatia kazi kwao. Anaondoka mwezi ujao. Nitamfuata, madam akiniruhusu.

Nilikuwa nangoja siku ambayo madam amefurahi.

Huku nyuma Musyoka alinitumia neno kwa sauti, familjeåterförening, familia kuunganishwa tena. Ulimi wangu wa Kikamba uliishia njiani.

"Mke wangu, ugali hauliwi sufuria nzima," akanicheka. "Mega. Fa-mil-je-å-ter-för-e-ning. Gonga kwa nguvu kwenye mil, za katikati zipite tu, halafu gonga kidogo kwenye e."

Kiswahili chetu huweka uzito karibu na mwisho. Wao wanauwahi mapema. Nikalipenda. Pigo kubwa kama harusi yetu, safari ndefu, kisha pigo dogo la kufika.

Nikawa nalitwanga. Kila nikiponda iliki ya kahawa kwenye kinu cha shaba, mchi unasema neno letu.

Leo Mzee Saleh, baba yake madam, akatoka chumbani na kanzu iliyopigwa pasi, amejifukiza udi. Akaketi sebule ya wageni. Kwao Najd, kahawa ikitwangwa kwa mdundo ni mwito, majirani wanajua wamekaribishwa.

"Nani anakuja, binti yangu?" akaniuliza.

Tangu ahamishiwe Jeddah hajapata mgeni.

Madam akaingia jikoni. "Umemwita nani?"

Nikamwambia ni neno la Kiswidi tu. Akauliza la nini. Nikasema yote, hata sikuchagua maneno.

"Na baba ataogeshwa na nani? Wewe amekuzoea. Halas. Mafi safari, hakuna kwenda, mpaka mkataba uishe."

Mkataba wenyewe nimeutia sahihi juzijuzi tu, nikitoka harusini.

Sijamwambia Musyoka. Ametuma neno jingine, refu kuliko la kwanza, na anacheka akilimega.

Mzee Saleh bado ameketi kule, macho mlangoni. Nilipompelekea kahawa aliniuliza kama barabarani kuna msongamano.

"Labda, baba," nikasema.

Kesho nitatwanga iliki tena. Nitatwangaje? Nikitwanga neno letu, atavaa kanzu. Nikitwanga bila mdundo, atajua hakuna anayekuja.

Nami nitajua siendi.