Vipimo vya Usiku Thelathini na Nane

Moscow, 2 Mei 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba theluji imeshaondoka barabarani. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka. Bado nachambua viazi kule ghalani, vizima huku, vibovu kule, na msimamizi wetu bado ananiita "daktari" kwa kunicheka tangu alipoiona shahada yangu.

Ijumaa iliyopita nilijikaza nikaenda kwa Profesa Yelizaveta Arkadyevna, mwalimu wangu wa zamani. Nilidhani amenisahau. Hata sijakaa vizuri akaniuliza, "Ile nyota yako ilifikia wapi?" Nikamwambia vita vya kwetu vilinikuta katikati ya vipimo, nikashuka mlimani mwaka tisini na mbili na begi moja. Akafungua kabati akanionyesha ripoti. Wenzake wenye darubini kubwa wameshapima mwendo wa nyota ile ile. Wanachokosa ni mwanga wake unavyopanda na kushuka, usiku baada ya usiku, msimu mzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Vipimo hivyo vikipatikana, kuna nafasi idarani kwake, na ameahidi kunitetea.

Baba, ulikuwa fundi umeme wa kituo chetu cha nyota huko mlimani miaka ishirini na sita, na kile kipimamwanga ulikifungia sandukuni kwa mikono yako. Kinaweza kuamka? Najua ninaomba jambo kubwa, lakini sina mwingine wa kumwomba.

Barua hii anakuja nayo Nizom, kondakta wa treni. Nibusie mama.

Binti yako,
Mavluda

Sangdara, 29 Mei 1998

Mwanangu Mavluda,

Marahaba. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Macho ya mama yako Oyniso yamezidi ukungu, kwa hiyo mimi ndiye karani wake, na kila nikiandika mstari anataka nimsomee asije akawa amesingiziwa.

Sanduku nimelifungua. Panya walikuwa wamehamia humo na kula nyaya. Nimeweka nyingine kutoka kwenye redio ya jikoni, na mama yako amenuna siku mbili. Kioo cha darubini kina vumbi tu. Kuba nalisukuma kwa bega. Shida ni umeme, tunapewa saa mbili kwa siku, tena mchana. Ufumbuzi kautoa mama yako. Amesema, "Si betri ya lori la kituo ipo? Lori lenyewe haliendi kokote ila kuleta unga mara moja kwa mwezi." Basi jioni naitoa, asubuhi nairudisha, umeme ukija inajazwa.

Juzi nimepima usiku wa kwanza. Namba ziko ukurasa wa nyuma. Lakini niambie, ninapima nini? Miaka yote nilifunga nyaya bila kuuliza. Mama naye anataka kujua, maana anasema nyota hiyo umeijali kuliko wachumba wote waliokanyaga mlango wetu.

Baba yako,
Sharofiddin

Moscow, 24 Juni 1998

Baba mpendwa, na mama unayesomewa,

Shikamooni. Mimi mzima, na namba zenu nimezilaza chini ya mto kama mahari.

Mnachokipima ni nyota isiyo peke yake. Inazunguka kitu kila baada ya siku sita na robo, na kitu chenyewe hakionekani kwa darubini yoyote. Kinaivuta kwa nguvu mpaka nyota imerefuka kama yai. Ikitugeuzia ubavu inang'aa zaidi, ikitugeuzia ncha inafifia. Ndiyo maana namba zako zinapanda na kushuka, baba. Tukijua zinapanda kiasi gani, tutajua mzunguko umelala vipi, na hapo tutajua uzito wa hicho kisichoonekana.

Nacho kilikuwa nyota zamani. Nyota ni gesi nyingi mno iliyojikusanya. Uzito wake unaikandamiza ndani, moto wa kitovuni unaisukuma nje, na kwa muda wote moto ukiwaka nyota inasimama. Zile kubwa kupita kiasi hula kuni zao haraka. Mwishowe kitovuni hubaki chuma, na chuma hakitoi joto tena hata ukikikandamiza vipi. Hapo kitovu kinaporomoka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kinachobaki kikiwa chepesi, kinagota mahali na kusimama. Kikizidi kama majua matatu hivi, hakuna kitu tunachokijua cha kukizuia. Kinaendelea kujikunja mpaka karibu yake mwanga wenyewe hauwezi kutoka. Wanaita shimo jeusi, ingawa si shimo, ni uzito.

Kwa hiyo swali ni moja, kinazidi matatu au hakizidi.

Binti yenu,
Mavluda

Sangdara, 20 Agosti 1998

Mwanangu,

Salaam nyingi. Hatujambo. Matunda ya aprikoti yameanikwa juu ya paa, mwaka huu ni mengi. Mama analalamika tumbo linamkaza mara kwa mara, lakini ukimwambia ashuke hospitali ya wilaya anasema huko ndiko watu wanakougulia.

Nimefikisha usiku thelathini na moja. Nimejifunza kungoja mkono utulie kabla ya kusoma mshale. Mama huniletea chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, anapapasa ukuta mpaka mlangoni, halafu anakaa ndani ya kuba kunisimanga. Nilipomsomea maelezo yako aliuliza, kama kila kitu kinatumbukia mle na hakuna kinachotoka, nani anafagia? Ameniambia nikuandikie hivyo hivyo, na kwamba anataka jibu la kisomi.

Wenzangu kijijini wananiona nimerukwa na akili. Tillo, yule mchunga kondoo, ameniuliza nani ananilipa. Nimemwambia binti yangu ananihitaji, akaswaga kondoo wake akaenda zake.

Baba yako,
Sharofiddin

Sangdara, 12 Oktoba 1998

Mwanangu Mavluda,

Salaam. Natumaini hujambo. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu.

Namba za Septemba yote na mwanzo wa Oktoba ziko humu. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Sasa nyota inashuka mapema na theluji imekaribia, nadhani msimu umekwisha.

Jitunze na baridi.

Baba yako,
Sharofiddin

Moscow, 9 Novemba 1998

Baba, mama,

Shikamooni. Sijui nianzie wapi. Usiku hamsini na moja! Nimechora namba zote kwenye karatasi moja ya ukutani, na mstari umetoka laini kama umepigwa pasi. Profesa ameuangalia kwa muda mrefu, kisha akanimiminia konyaki, mimi nisiyekunywa. Nimepewa meza idarani kuanzia mwezi huu. Msimamizi wa ghala nilipomuaga alinipa mkono, akaniita daktari bila kucheka.

Januari nitausoma utafiti wetu mbele ya watu. Jina lako, baba, nimeliandika chini ya langu.

Mama, Nizom anakuletea mtandio wa sufu ya mbuzi. Ni wa kijivu, usiseme ni wa vikongwe. Na jibu lako la kisomi: hakuna anayefagia, ndiyo maana hatujawahi kukaribishwa ndani.

Binti yenu,
Mavluda

Sangdara, 6 Desemba 1998

Mwanangu,

Salaam. Tumefurahi kwa habari yako. Mtandio umefika, umempendeza mama yako. Anakushukuru na anakuombea.

Barabara imefunga. Usihangaike kama barua zitachelewa.

Baba yako,
Sharofiddin

Moscow, 23 Januari 1999

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na nitakueleza kwa utaratibu ili nisikukosee adabu.

Jana nilisoma utafiti. Watu walisikiliza vizuri. Nilipomaliza alisimama mgeni mmoja kutoka kituo cha milima ya Uzbekistan, mtu mpole, hakuwa na nia ya kuniumiza. Akaomba ruhusa kuonyesha karatasi yake. Kumbe naye alikuwa akiipima nyota hiyo hiyo. Tarehe ishirini na mbili Septemba iliwaka ghafla, na kwa zaidi ya wiki mbili iling'aa mara sita ya kawaida yake. Hutokea, baba. Gesi ya nyota humwagikia kwenye kile kitu, inazunguka, inasuguana, inapata moto mkali kabla haijazama, na moto huo ndio tunaouona. Hata mtu asiye na kipimamwanga, akiiangalia kwenye darubini tu, angeshtuka.

Kwenye namba zako za siku hizo nyota imetulia kama kawaida.

Mgeni akaniuliza, "Dada, nyinyi mlikuwa mnaangalia nyota gani?" Nikaanza kukusanya karatasi zangu. Profesa alikuwa akiangalia mikono yake.

Usiku kucha nimezipitia namba upya. Mpaka tarehe kumi na nne Septemba zinayumba, moja juu kidogo, moja chini kidogo, kama mkono wa binadamu na hewa ya mlimani. Kuanzia kumi na saba haziyumbi. Zimefuata mchoro wangu wa mwaka tisini na moja, ule niliouacha ukutani kwenye kuba. Hukuzipima. Ulizitunga.

Halafu nikatoa barua zako zote nikazisoma kama nilivyosoma namba. Tangu Septemba mama hajanitania hata mara moja. Hajauliza kitu, hajanuna. Anasalimu tu. Mtandio wa kijivu, na hakusema neno?

Baba, nakuuliza mara moja na unijibu. Mama yuko wapi?

Mavluda

Sangdara, 27 Februari 1999

Mwanangu Mavluda,

Barua yako imepita mlima mgongoni mwa Tillo, kwa miguu. Nakujibu.

Usiku wa tarehe kumi na nne Septemba ulikuwa safi kuliko wote, bila wingu. Hewa ilisimama. Mama aliniletea chai, akasema leo hajisikii kukaa, akarudi nyumbani. Nilipima mpaka alfajiri, kurasa tatu, na betri ikaisha kabisa. Sikujali, nilijua itajazwa mchana.

Niliporudi nilimkuta sakafuni karibu na jiko, amejikunja. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alikuwa hivyo tangu usiku, na hakutaka kunitoa kwenye kazi. Nikairudisha betri kwenye lori, lori halikusema kitu. Unajua uwanja wetu, barabara inapanda kwanza ndipo ishuke. Tulilisukuma mimi na Tillo na mkewe ili liwake kwenye mteremko, hatukulifikisha juu. Mwishoni tukamweka juu ya punda.

Hakulia. Tulipofika kwenye daraja la mbao aliniuliza, "Umeandika usiku wa jana?" Nikamwambia nimeandika. Akasema, "Haya." Nilipogeuka tena kumfunika alikuwa ameshaondoka. Tulibaki na mwendo wa saa tatu kufika hospitali.

Wazo la betri lilikuwa lake, lakini mkono ulioitoa ni wangu. Ningekuandikia, ungesema ni nyota yako iliyomuua, na ungebaki ghalani na hilo kichwani maisha yako yote. Nilikaa kuandika ukweli mara nne. Kuishika darubini sikuweza tena. Nikauchukua mchoro wako ukutani, nikaketi pale alipokuwa akikaa, nikatunga namba, kwa sababu nilidhani zikikatika utajua. Mtandio uko sandukuni, umekunjwa kama ulivyokuja.

Sijui kama nyota iliwaka. Sikutazama juu.

Nimekuaibisha mbele ya watu, na nimekunyima kumlilia mama yako. Sina la kujitetea.

Baba yako,
Sharofiddin

Moscow, 30 Machi 1999

Baba,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na cha kusema bila kukutukana, na mama asingependa.

Meza idarani nimeirudisha mwenyewe kabla hawajaniomba. Nimerudi ghalani. Msimamizi alinionyesha tu lundo.

Kabla sijaondoka nilisimama tena mbele ya wale wale, nikawaambia namba kuanzia Septemba kumi na saba ni za uongo na nimezifuta zote. Mtu wa mstari wa mbele akauliza kwa nini vipimo vinakoma tarehe kumi na nne. Nikasema, "Mama yangu alifariki asubuhi yake." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka, nikalitamkia watu nisiowajua.

Jambo lingine lazima ulijue kutoka kwangu, maana profesa atalichapisha. Usiku thelathini na nane ulitosha. Kulikuwa na upande mmoja wa mzunguko uliokuwa umebaki mtupu, kila ukifika wewe ulikuwa na mawingu, na bila huo hesabu ilikuwa haifungi. Zile kurasa tatu za tarehe kumi na nne ndizo zilizoujaza. Kitu kile kina uzito wa majua sita, kikipungua sana manne. Kinazidi matatu. Hukuhitaji kutunga hata namba moja, baba. Tulishapata tulichokitaka asubuhi ile, wewe ukisukuma lori na mimi nikichambua viazi.

Sijui nilipeleke wapi jambo hili. Tafadhali usinijibu kuhusu hilo, wala usinifariji.

Nizom ameniwekea nafasi kwenye treni ya tarehe nane Aprili. Mlima ukiwa bado umefunga, nitangoja chini mpaka ufunguke. Uje wewe au aje Tillo, yeyote, anionyeshe kaburi. Nataka nikae naye kwanza peke yangu. Baada ya hapo kama nitaingia nyumbani kwako nitaingia, na kama nitashindwa usinilazimishe.

Ule mtandio usiutoe sandukuni. Nitautoa mimi.

Mavluda,
binti wa Oyniso