Matope Kwenye Shina la Muhugu

Jumamosi, Kangemi. Kibaridi cha Julai kimekataa kuondoka, na mimi roho imenilemea.

Leo ilikuwa siku ya kuni. Sisi wanawake wa kikundi tunaruhusiwa kuingia msituni Jumamosi pekee, bila panga, tuokote matawi makavu na mti uliokufa wenyewe. Msitu usimame, nasi tupike. Mimi ndiye mwenyekiti, na niliahidi mbele ya msimamizi wa msitu kwamba tukiua hata mti mmoja, tutafungiwa lango sote.

Nilipoinama chini ya mti mkubwa wa muhugu, nikaona matope yamepakwa kuzunguka shina, kama udongo wa mchwa. Nikayakwangua kwa kidole. Chini yake gome lilikuwa limekatwa mzunguko mzima, mpaka weupe wa ndani. Mti ukifanyiwa hivyo haumalizi mwaka. Unanyauka polepole, halafu sisi tunauita mti uliokufa wenyewe.

Niliumia.

Mama Naliaka alikuwa nyuma yangu. Ni jirani yangu, huchemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuza kando ya barabara, na mwanangu alipolazwa ni yeye aliyetulisha nyumba nzima. Nikamuuliza kama anamjua aliyefanya haya. Hakuzungusha maneno.

"Ni mimi, Mama Faith. Kuni kavu ziliisha kitambo. Kwani ulidhani tumekuwa tukibeba nini?"

Nikamwacha, nikapita mti kwa mti. Matope. Matope tena. Mingine ilikatwa zamani na imeshapukutika majani, na ni mimi mwezi uliopita niliyewaelekeza wenzangu kwenye miti hiyo, nikimshukuru Mungu kwamba ametupa kuni. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Siwezi kumchukia. Gesi ya kupikia najua bei yake, na makaa siku hizi hayashikiki. Lakini kwa mwendo huu msitu utakwisha tukiuangalia, na hakuna mtu atakayekuwa ameonekana na panga.

Mzigo wangu niliuacha palepale.

Nimeamua. Jumatatu nitakwenda kwa msimamizi niseme yote. Sitataja jina la mtu, nitasema ni sisi. Lango litafungwa, na mimi pia nitafungiwa nje, sijui nitapikia nini.

Kesho kanisani tutakaa benchi moja, mimi na Mama Naliaka, kama kawaida. Je, nimwambie kabla hatujapeana mkono wa amani, au baada?