Wanamwita Marehemu

Mbeya, Jumapili, Julai 1956

Wamesema tena. Leo kwenye mpira wa magongo, mdogo wangu Idi alipofunga bao la pili, watu wakaanza kumpima. Mmoja akasema anapiga chenga kama Bakari wa Iringa. Mwingine akabisha: Bakari huusukuma mpira mbali, Idi anakwenda nao kama umegandishwa kwenye gongo.

Mzee Juma, anayetufundisha, akatikisa kichwa. "Bakari wapi, bwana. Huyu ni marehemu mtupu."

Alikusudia kumsifu. Marehemu ni kaka yetu Hamisi, na hapa mjini hakuna aliyepata kumfikia. Kinachonikera ni kwamba ni kweli. Idi huinama vilevile, kichwa chini karibu na mpira. Hamisi aliinama hivyo kule Iringa, mpira ukampiga kwenye kipaji cha uso, tukamrudisha Mbeya maiti.

Njiani nikamwambia Idi ainue kichwa. Akacheka. "Nikiinua, kaka, siuoni mpira."

Sasa imefika hata nyumbani. Jioni mama alipopakua ugali aliita, "Hamisi, njoo ule." Nikangoja ajisahihishe.

Idi akaitika, "Naam, mama."