Aliyefia Mikononi mwa Somoe

Mbagala, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana najua goti lako la kushoto na baridi ya asubuhi ya huko Newala haviivani. Uvimbe umepungua? Mikorosho imeanza kutoa maua? Na Mwajuma, mke wangu, anakula? Kwenye simu ananiambia anakula, ila sauti yake ni ya mtu asiyekula.

Mie mwili upo. Asubuhi bado nafyatua matofali Kimara, na jioni nikiinama kuvua viatu naguna kama mzee. Mchana naoga kwa ndoo pale pale kwenye matofali, naenda Mwenge kwenye ile ofisi ya kompyuta. Uliniuliza msibani, mbele ya watu, ni kazi gani hiyo ya kompyuta anayopewa mtu aliyeishia kidato cha pili. Leo nakueleza, kwa sababu imebeba ombi langu. Nakuomba, arobaini ya mwanangu Salumu ikipita, usimtoe mdogo wangu Somoe nyumbani.

Usikasirike kwanza. Sikiliza kazi yenyewe.

Nilianza pale kwa kuwabebea meza kuzipandisha ghorofani. Dada Neema, mkuu wao, akaniuliza kama najua kusoma, nikasema ndiyo. Wanatengeneza chombo kinachoitwa dibaga. Ni hivi: kila programu ndani ya kompyuta hupewa sehemu yake, kama mpangaji na chumba chake. Ikinyoosha mkono kwenye chumba kisicho chake, kompyuta inaiua papo hapo na kuifagia. Dibaga kazi yake ni kuishika pale pale inapokufa, kabla haijafagiwa, watu waone ilikuwa wapi na ilipitia wapi mpaka ikafika hapo. Kazi yangu ni kuijaribu. Napewa programu zilizotengenezwa makusudi zife. Nyingine inafungua mlango usiokuwepo, nyingine inarudi kwenye chumba ilichokwisha hama. Naiua, naangalia dibaga imesema nini, naandika kwenye karatasi.

Niliporudi kutoka huko msibani, nikiwa nimeliona kaburi tu na si uso wa mwanangu, kijana mmoja wa pale, Kelvin, akanipokea kwa utani wake wa siku zote.

"Mchinjaji karudi! Braza Hamisi, leo tunaua ngapi?"

"We Kelvin, nyamaza," Neema akamwambia. "Mwenzio katoka msibani. Kafiwa na mtoto."

Kijana wa watu akashikwa na haya. Akashuka chini bila kutumwa, akaniletea kikombe cha chai ya maziwa, nusu imemwagika ngazini.

Jaribio la siku hiyo lilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza inaandika nje ya ukuta wake, inaharibu kitu cha jirani, halafu inaondoka salama. Ya pili inapita tu na shughuli zake. Ya tatu inakuja kukishika kile kitu kama ilivyoagizwa, na hapo hapo programu nzima inakufa. Dibaga ikaishika vizuri, ikaonyesha: sehemu ya tatu. Nami nikaandika kwenye karatasi, "Sehemu ya tatu imeua programu."

Neema akasoma. "Braza, hili nani kakwambia?"

"Si dibaga yenyewe, dada? Imeandika hapo."

"Dibaga imesema imefia hapo. Haijasema hapo ndipo palipoua. Hilo umeongeza wewe."

"Lakini si ndiyo iliyokuwa imeshika?"

"Ndiyo, imeshika. Sasa mtu akikupa chungu kina ufa, kikapasukia mkononi mwako, umekivunja wewe?"

Kelvin akadakia, "Braza ungekuwa polisi wewe, msiba mzima ungelala ndani."

Wakacheka, kisha wakakumbuka wakaacha. Mie nilitoka nikasimama ngazini. Huko chini wachongaji walikuwa wanagonga mpingo, na miye nalia kama mtoto, Mama, mtu mzima na ndevu zangu.

Maana Salumu alianza kutapika Somoe akiwa hayupo hata kijijini. Alikuwa Masasi kwa mama yake. Mwajuma mwenyewe alinisimulia hivyo, na wewe ulikuwepo, hukumkatiza. Somoe aliporudi akakuta nyinyi nyote mko shamba la mikorosho, mtoto ameachwa na majirani, akampokea. Akampakata, akampa uji. Mtoto akafia hapo. Hilo ndilo tunalolijua. Mengine tumeongeza sisi.

Nitasema ukweli usioupenda. Jina la Somoe lilikuja haraka kwa sababu ni mtoto wa mke mwenzio, na kwa sababu yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Baba mkubwa alisema ana mkono mbaya, ndio uliomuua mtoto, na hakuna aliyemuuliza ameujuaje. Sasa nasikia hata maji akichota yeye hayanywewi humo ndani.

Utaniuliza, basi ni nani? Sijui. Niliwaza sana. Nikawaza kisima, nikawaza dawa ya dukani, nikawaza joto. Siku nyingine nikapewa jaribio baya kuliko yote, programu inayokufa ikiwa imeharibu hata nyayo zake. Dibaga ikatafuta ilikopitia, ikaleta alama za kuuliza tupu, mstari baada ya mstari. Nikaandika imeshindwa. Neema akakata maneno yangu, akaweka tiki.

"Hapa imefaulu," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa ikikosa jibu inataja jina lolote lililo karibu. Tulikuwa tunahangaika na sehemu isiyo na kosa, tunaibomoa, na programu inaendelea kufa vile vile. Hii ikikosa inasema sijui. Tumeitafuta sana hiyo sijui."

Mama, sie tumemtaja aliye karibu. Tukimtoa Somoe, Salumu harudi, na lililomuua, kama bado limo humo nyumbani, linabaki na nyinyi. Mimi baba yake nasema sijui. Nakuomba nawe useme hivyo kwenye kikao cha ukoo cha arobaini. Nimeumia kama wewe. Usiku naisikia ile kelele yake ya kuiga pikipiki.

Nisalimie baba mkubwa, na umwambie nimemtaja kwa heshima yote. Msalimie bibi aliyemwosha mwanangu, Mungu amlipe. Mwambie Mwajuma nitakuja arobaini, ajitahidi japo uji.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatia. Halafu Mwajuma hakwenda shule, baba mkubwa haoni, nawe hujui kusoma, na tangu zamani hutaki jirani asome mambo ya ndani. Kwa hiyo najua umemwita nani, na maneno haya unayasikia kwa sauti ya nani.

Somoe, mdogo wangu, natumaini hukuruka kusoma pale pa mke mwenza. Pole kwa kufiwa. Nilikuwepo msibani na niliona, hakuna aliyekupa pole.

Mama, akimaliza kusoma mwambie akalete maji ya kunywa. Aanze yeye, maana barua ni ndefu na koo lake limekauka. Kisha unywe wewe.

Mwanao,
Hamisi