Uliniuliza Kama Ulikuwa Mwizi

Bredäng, Stockholm
Jumapili, mwezi wa Novemba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua Koletha ndiye anayekusomea, ameinamia sikio lako la kulia, kwa hiyo ipokee shikamoo yangu kabla mdogo wangu hajaanza kukimbia na mistari kama anayewahi basi. Koletha, leo soma polepole, na usiruke kitu. Magoti yanasemaje, Baba? Dawa ya presha unaimeza kila siku, au ni siku zile tu Koletha anapokukodolea macho? Kaburi la Mama mmelipalilia kabla ya mvua? Maswali haya nayapanga vizuri nikiwa kwenye treni, halafu nikikupigia simu nayasahau yote.

Sisi huku wazima, ila uchovu ndio mwingi. Mwezi huu saa tisa alasiri giza limeshaanza kuingia. Mke wangu Editha bado anahudumia wazee kule Farsta, na siku nyingi tunapishana mlangoni, mmoja anavaa koti mwingine analivua. Tunasalimiana kama wapangaji.

Mimi kazi yangu ni ile ile ya simu. Kampuni inatunza akiba za uzeeni za watu, na akiba hizo zimetiwa kwenye hisa za makampuni ya dunia nzima. Hisa zikishuka asubuhi, simu zinaanza kulia. Mtu mzima, pengine wa umri wako, ananiuliza kwa sauti ya chini kama auze vyote leo au asubiri. Sheria hainiruhusu kumshauri. Natakiwa kumwambia kwamba uamuzi ni wake. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi mno, na ikifika Ijumaa naichukia sauti yangu mwenyewe.

Sasa nije kwenye swali lako. Mwezi uliopita tulikuwa tunaongea vizuri tu, unanieleza habari za mjukuu wako Evodi wa Mwanza, jinsi anavyoshinda na simu akinunua na kuuza sarafu ambazo hata yeye hajawahi kuzishika, na jinsi kanisani wanavyomtaja kuwa mfano wa kijana mjasiriamali. Ukacheka. Kisha ukasema, "Pastory, mimi niliweka maharage, unayaona, unayashika, nikaitwa mlanguzi. Wewe umesomea mambo haya. Niambie basi, nilikuwa mwizi?" Nikasema nitakujibu kwa barua, na bando la Koletha likaisha. Koletha ameniambia kwamba tangu siku hiyo umeacha kupokea komunyo, na Padri akikuuliza unamwambia unasubiri barua. Baba, umenitwisha mzigo mzito. Lakini najibu.

Nimesoma historia ya masoko kwa miaka mingi kuliko ilivyonifaa. Watu wanadhani niliisoma nipate utajiri, na hali yangu wanaiona. Ukweli ni kwamba niliisoma kwa sababu shuleni mimi na Koletha tuliitwa watoto wa mlanguzi, nami nikataka kujua mlanguzi ni mtu wa namna gani. Nimekutana naye kila nchi. Waholanzi wa zamani waliwahi kupandwa na wazimu wa vitunguu vya maua. Maua tu, Baba, wala hayaliwi. Kitunguu kikiwa bado udongoni, mtu alikiuza kwa mwenzake ambaye hajakiona, naye akamuuzia mwingine jioni hiyo hiyo kwenye kilabu cha pombe, kila mmoja akiamini yupo mtu mbele yake atakayekitaka zaidi. Siku moja mnada ukaitishwa, akakosekana huyo wa mbele. Wajapani nao walikuwa na soko ambamo mchele uliuzwa kabla haujavunwa. Ni butura ile ile unayoichukia, ya kununua kahawa ya mtu ikiwa bado ua mtini.

Na usidhani huku walanguzi walipendwa. Zamani wafalme wa Ulaya waliwatoza faini na kuwafunga watu walionunua nafaka njiani kabla haijafika sokoni. Siku hizi neno lao la mlanguzi limepoa. Mtu anayekuja tu kuangalia nyumba inayouzwa, Waswidi wanamwita spekulant, na anavua viatu mlangoni kwa adabu zote. Binti yangu Neema ananunua hisa kwa simu akiwa amejilaza kwenye kochi. Nilimuuliza kampuni hiyo inatengeneza nini. Akanijibu kwa Kiswidi, maana ndicho anachonijibia siku hizi, "Spelar ingen roll, pappa." Haijalishi, ati. Ikipanda atauza.

Wewe ulijua maharage yako. Nakumbuka ulivyoyanunua wakati wa mavuno, yalipokuwa mengi mpaka watu wanayapima bila kusawazisha kopo, ukayachanganya na majivu yasiliwe na wadudu, ukayafungia chumba cha nyuma. Miezi ya njaa ikifika ulifungua. Bei ilikuwa juu, na watu walinung'unika huku wananunua. Kwa jambo hilo, Baba, wataalamu wengi wako upande wako. Wanasema anayenunua wakati wa wingi anaipandisha bei kidogo mkulima asitupe jasho lake, na anayeuza wakati wa uhaba anaishusha kidogo mwenye njaa apate. Na ile bei ya juu inawaambia watu mapema kwamba chakula kinapungua, wapunguze mkono. Mama alifanya hivyo hivyo jikoni kwetu: alianza kupunguza vipimo kabla debe halijalia, sisi tukanuna, lakini tukafika mavuno mapya tukiwa tunakula. Pia ulijitwisha hatari. Mwaka ule mvua ilipokuja mapema na maharage yakajaa kila mahali, ulikula hasara peke yako, na hakuna aliyekuja kukupa pole.

Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia hivyo, barua fupi ya kukutuliza. Lakini kila Jumamosi naongoza darasa dogo la watu wazima hapa Bredäng, la kujifunza habari za akiba na masoko. Tunaongea Kiswahili kwa kuwa ndicho kinachotukutanisha, kila mtu na cha kwao. Nikaona niwaulize bila kusema ni baba yangu. Nikasema kulikuwa na mtu fulani. Hawakudanganyika hata dakika moja.

"Baba yako haiko mwizi," akasema Mama Beatrisi, Mkongo mwenye duka la vitenge Vårby gård. "Iko commerçant. Stock yake, bei yake, c'est tout." Yaani ni mfanyabiashara, basi.

Mzee Sulaimani ni Mganda, alikuwa mwalimu wa sekondari Masaka kabla ya kukimbia, na amezeeka huku. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kisha akaniuliza, "Huyo mzee, alikuwa anauza ghali tu? Ama iko siku mtu alikuja na pesa yake, akamwambia hakuna?"

Nikamuuliza kwa nini anauliza hivyo.

"Sababu mimi nilikuwa kijana wakati chumvi ilipotea kwetu. Mama yangu alitembea duka kwa duka. Yule alituuzia ghali, tulimtukana na tulinunua, tukapika. Jina lake hata sikumbuki. Yule alisema hakuna, na kumbe iko ndani, huyo namkumbuka mpaka viatu vyake."

Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Baba, unajua nilichokikumbuka, na naona ndicho kinachokunyima usingizi wewe pia. Si maharage. Ulisikia kwa dereva wa lori kwamba barabara imekatika na chumvi haitafika kwa muda mrefu, nawe ulikuwa na gunia moja. Lilikuwa chini ya kitanda tulicholalia mimi na Koletha. Mama Justa, jirani yetu, akaja mchana na hela yake imefungwa kwenye pindo la kanga. Binti yake Justa alikuwa amejifungua, akataka chumvi ya mboga ya mzazi. Ukamwambia, "Hakuna, jirani. Labda wiki ijayo." Akashukuru, akaondoka. Nasema tena, Baba, alishukuru.

Kisha msako wa walanguzi ukafika kijijini kwetu. Watu walitupa sabuni vichakani na sukari chooni, wewe hukuwahi. Mgambo walipolivuta gunia lile nje, kijiji kizima kilikuwa uani, na Mama Justa alikuwa mbele. Nilimtazama. Hakuzomea na wenzake. Alilitazama gunia, akakutazama wewe, akaenda nyumbani kwake.

Lililofuata sidhani Mama aliwahi kukuambia, kwa sababu wewe ulikuwa umeshapelekwa mahabusu wilayani. Jioni ya siku iliyofuata Mama Justa alikuja na sufuria ya ndizi, akampa Mama mlangoni, akakataa kukaa. Zilikuwa na chumvi, ile ya gunia letu iliyouzwa kwa bei ya serikali. Mama alitupakulia, yeye hakula. Alikaa karibu na mafiga akalia kimya kimya, na Koletha alikuwa mdogo mno hata asiulize.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nimelipima mpaka kichwa kinaniuma. Kwa kuweka maharage hukuwa mwizi. Waliokuita hivyo walikula maharage yako miezi ambayo wasingekula kitu. Kwa bei ya chumvi, hata kama ungemtajia Mama Justa mara tatu ya bei, wasomi wangebishana mpaka kesho, na mimi ningekutetea. Bei ya juu inauma, lakini ni habari ya kweli: chumvi ipo, ni kidogo, amua. Mama Justa angeweza kukutukana, kukusihi, kukukopa, au kuweka rehani jembe lake. Ulipomwambia hakuna, ulimnyima hata nafasi ya kukutukana. Katika yote niliyosoma, pale ndipo biashara inapogeuka kuwa kitu kingine, tangu vilabu vya Waholanzi hadi hizi simu: mtu anapojua jambo ambalo mwenzake halijui, akampa uongo mahali pa habari.

Nimechoka, Baba, na inaniuma kuandika haya kwa mzee wangu ambaye alirudi kutoka mahabusu mifupa mitupu na bado akanilipia shule. Nakupenda. Ningeweza kukuandikia barua nyingine tamu zaidi, ukapokea komunyo Jumapili hii, na wewe mwenyewe usingeiamini.

Nisalimie shangazi zangu wote wawili, hasa yule anayenidai kanga tangu harusi yangu. Msalimie Evodi, umwambie mjomba wake wa hisa anamwomba asimuuzie mtu asichokielewa mwenyewe. Msalimie mume wa Koletha na wapwa zangu pale nyumbani, na Padri pia. Mwambie barua imefika. Editha anakupa shikamoo, na Neema pia, ingawa ya kwake nimemlazimisha.

Mama Justa peke yake ndiye simtumii salamu kwenye karatasi hii. Koletha ananiambia bado yupo, pale pale ng'ambo ya migomba, na bado anaanika kahawa yake mwenyewe. Usimtume Koletha aende badala yako. Akushike mkono mpaka uani kwake, kisha akuache. Mimi uliniuliza kwa sababu nimesoma na niko mbali. Aliyesimama mlangoni kwako na hela kwenye pindo la kanga ni yeye. Muulize yeye.

Mwanao anayekuwaza,
Pastory