Nilimwambia Bibi Zamda Arudie Kidole

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla Alhamisi haijafika, maana nimekonda na mume wangu anadhani ninaumwa. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chanika, Handeni, na kazi yangu ni kusajili laini za simu, nazunguka na mwavuli na mashine ya alama za vidole kwenye magulio ya Handeni hadi Korogwe, mtu anataja namba ya kitambulisho chake, anaweka kidole, anapata laini. Mwaka jana alinijia kaka mmoja anaitwa Raymond, msafi, mpole, akasema ananunua laini ambazo tayari zimesajiliwa kwa majina ya watu, nikamuuliza za nini, akasema, "Dada, ni za biashara tu, hakuna anayeumia," na mimi sikuuliza tena, kwa sababu wifi yangu alikuwa ameshanunua friji anauza barafu na juisi, na kila nikienda kwake naambiwa nikae nipoe, naona kama ananisema.

Basi nikaanza. Mzee akija namwambia kidole kimekataa, arudie, na kile cha pili ndicho kinachosajili laini ya Raymond. Bibi Zamda, mkulima wa mihogo kule Hale, alirudia mara tatu huku akiniomba radhi, "Nisamehe mwanangu, vidole vya jembe hivi, nakuchelewesha." Nikamwambia hakuna shida, bibi.

Mwezi uliopita aliitwa polisi, kuna laini yenye jina lake imetumika kumtapeli mtu wa mkoa mwingine ada ya mtoto, na yeye hiyo laini hajawahi kuiona. Amehojiwa, akapewa dhamana, anatakiwa kurudi Alhamisi. Jumapili alikuja mpaka kwangu, ameuza mbuzi apate nauli, akasema, "Wewe ndiye uliyenisajilia. Twende ukawaambie nilichukua laini moja tu." Nikamwambia nina msiba Kilindi. Hakuna msiba. Nilimpigia Raymond akasema, "Kaa kimya, yule ni mzee, watamwachia," na tangu hapo hapatikani.

Mshauri, mimi si mwizi, sijawahi kuchukua hata ndizi ya mtu sokoni, sijui ni kitu gani kiliniingia. Nikisema nitafungwa, watoto watabaki na nani, na nikinyamaza, yule bibi je?

H., Chanika

JIBU

Marahaba, H. Majina ya humu nimeyabadilisha. Kabla ya kujibu nilikupigia, nawe ukakubali niandike tuliyozungumza. Nilikuuliza kama uliwahi kumwambia kijana yeyote arudie kidole. Ukasema, "Hapana. Vijana wanasoma ujumbe wa usajili unaoingia kwenye simu."

Hapo umejijibu mwenyewe. Hakuna kilichokuingia. Uliwachagua wasioweza kukugundua, na anayechagua anajua anachofanya. Njaa pia hukuwa nayo. Ulitaka friji, na ulichoka kujiona mdogo mbele ya wifi yako. Hilo ninalielewa, wengi wetu tumekaa kwenye sebule za namna hiyo tukatabasamu kwa shida. Lakini ungeambiwa uingize mkono kwenye pochi ya Bibi Zamda, ungekataa. Jina lake hukuliona kama mali yake, ndiyo maana ulilala usingizi mwaka mzima. Na Raymond alilijua hilo kabla yako, kwa hiyo alikutafuta wewe na si mwizi wa sokoni.

Kuhusu watoto, hofu yako ni ya kweli na sitakudanganya kwamba utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwambie mume wako leo, asije akasikia kwa majirani, na mpange watoto watakaa wapi. Kesho mtafute msaidizi wa kisheria hapo Handeni, wapo wanaosaidia bila malipo, umweleze yote bila kupunguza. Usifute mawasiliano yako na Raymond. Usimtafute tena. Andika majina ya wazee wote unaowakumbuka, kwa sababu na wao wanaweza kuitwa, na hawajui wataitwa kwa lipi. Mashine usiiguse tena.

Jumatano nenda Hale. Mwambie Bibi Zamda kwa mdomo wako, na uanze na ule msiba wa uongo. Usimpelekee khanga wala sukari. Hela ya mbuzi utamrudishia, ila si siku hiyo, asije akadhani unanunua kimya chake. Akikufukuza, ondoka. Akilia, kaa.

Alhamisi mwende kituoni. Akikataa kupanda gari moja na wewe, panda la nyuma yake, lakini ufike.