Mkebe wa Pili

Jumapili, baada ya alasiri. Jua la leo halina huruma, na miguu yangu imejaa malengelenge ya mlimani. Nimejifungia chumbani. Mama yuko jikoni, anajifanya hana habari.

Nina hasira.

Mama hajawahi kunikubalia kulala nje, hata kwa shangazi hapo Makadara, na mimi ni mtu mzima mwenye kazi yake. Rukia, rafiki yangu tangu tukisoma Kurani chuoni kwa maalimu, alipokwenda kuniombea ruhusa tupande mlima kule Taita na kulala kwenye kibanda cha wapandaji, nilijua atakataliwa. Mama akakubali hata chai haijapoa. Nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Nikasema, hatimaye ameniamini.

Akatupikia mahamri, mikebe miwili. Mmoja ni wetu. Wa pili akaufunga kwa leso mpya, akamkabidhi Rukia. Sikuuliza.

Tulipanda kutwa. Nilihema, nikateleza, nikacheka vile sijacheka siku nyingi. Jioni tukafika kibandani: vyumba viwili vya mabati, wanawake kwao, wanaume kwao, na baridi ya kukata masikio. Mlangoni ameketi Fahmi na dadake.

Fahmi aliniposa kabla ya Ramadhani, nikakataa. Alitaka niache kazi. Hilo nilimwambia Rukia peke yake, nikilia.

Rukia hakushtuka kumwona. Alifungua mkoba, akatoa ule mkebe wa leso, akampa mkononi. Hapo nikaelewa yote.

Nilimvuta kando.

"Usinikasirikiye," akanambia. "Ni mamako alonituma. Alisema huku juu huna pa kukimbilia."

Fahmi mwenyewe aliinamisha kichwa. Maskini, naye alikuwa ameambiwa nimekubali kuonana naye. Nililala nimegeukia ukuta, viatu miguuni. Alfajiri wenzangu walipokwenda kileleni, mimi nilibaki.

Rukia ananiuma. Lakini Mama ananiuma zaidi, kwa sababu ile furaha ya ruhusa nilikuwa nimeiamini.

Niliporudi hakuniuliza kama nimechoka. Aliniuliza kama mahamri yaliliwa.

Mlima ule nitaurudia, kilele sijakiona. Ila safari hiyo sitaomba ruhusa. Nitaaga.